Flaksi ya kikopo kwenye nyaya chakavu: uzoefu wangu

Hiki ni kile kikopo kidogo cha flaksi ya utomvu wa msonobari, dawa ya kupaka kwenye waya ili risasi ya kulehemu ishike, kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya redio kwa bei ya chipsi mayai. Mimi nakitumia zaidi kwenye nyaya za zamani za spika na amplifaya. Huku Tanga upepo wa bahari haubakizi kitu: unavua plastiki unakuta kopa (shaba) imekuwa nyeusi tii, kwingine kijani. Ukipeleka pasi ya kulehemu, risasi haishiki. Inajikusanya kitone na kudondoka mezani.

Kwa waya uliofifia tu, ule wenye rangi ya kahawia, kikopo hiki ni raha. Unapaka kidogo, unapasha, inachemka na kutoa moshi, halafu wekundu wa kopa unarudi na risasi inatambaa yenyewe katikati ya nyuzi. Kwa waya mweusi, sahau. Utapaka na kupasha mpaka plastiki isinyae, na weusi uko palepale. Wauzaji husema inasafisha kila kitu, lakini asidi ya utomvu ni dhaifu: inaondoa utando mwembamba na kuzuia hewa isiichafue kopa tena wakati wa joto, basi.

Kwa hiyo waya mweusi husafishwa kwanza, flaksi baadaye. Kama una urefu wa ziada, kata mpaka ufikie kopa inayong'aa, na usishangae ukikata sana, maana weusi hupenya chini ya plastiki. Kama urefu hautoshi, fungua nyuzi, zitandaze juu ya kibao na uzipitishie msasa laini, namba 400 hivi, ukivuta kuelekea nchani tu. Ukienda mbele na nyuma zitakatika.

Nyuzi nyembamba mno haziwezi msasa. Hizo nazichovya ncha kwenye maji ya ndimu yenye chumvi, na weusi unaondoka huku unauona. Kasheshe inakuja baadaye: asidi hupanda katikati ya nyuzi na kujificha ndani ya plastiki, kisha ule ukijani unarudi. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, halafu maji matupu, na ukaushe kabisa kabla ya kushika pasi.

Jamani, msinunue flaksi ya mafundi bomba yenye kloridi ya zinki. Waya mweusi inausafisha vizuri tu, ila mabaki yake yanaendelea kuila kopa baada ya kazi. Dukani makopo yanafanana, soma maandishi.

Risasi yangu ya kulehemu ni ya 60/40, yaani asilimia 60 bati na 40 madini ya risasi, inayoanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Fungua dirisha, moshi wa utomvu unajulikana kuwaletea pumu wanaouvuta kila siku kazini.

Ubaya wa kikopo ni kifuniko. Hakibani, na joto la mchana likilainisha flaksi inavuja hadi kwenye droo na kunasa vumbi. Mabaki kwenye kiungo pia yananata, ila yanafutika kwa spiriti na mswaki wa zamani. Naipa nyota nne kati ya tano. Chukua kikopo kidogo. Kile kikubwa kitakaukia kabatini kabla hujafika nusu.