Mwaka na nusu na chujio la pili la oili kwenye lori langu jipya

Lori lilikuwa na kilomita mia nne na kidogo nilipoanza kuulizia chujio la pili la oili. Fundi wangu alicheka. "Bosi, injini hata rangi haijaungua, unaitibu ugonjwa gani?" Jibu nilikuwa nalo. Lori langu la zamani lilishushwa injini mara mbili, na mara zote beringi za krankshafti zilitoka zimekwaruzika kama zimepitishwa msasa, ilhali oili nilikuwa nabadilisha kwa wakati na sikuwahi kununua oili ya kubahatisha.

Nilichofunga ni chujio la pembeni, ambalo mafundi wengi huliita baipasi. Langu ni kopo la chujio linalofungwa kwa kuzungusha kwa mkono, kichwa cha aluminiamu, mipira miwili ya oili, na tii, yaani kiungo cha njia tatu, ya kufunga kwenye tundu la sensa ya presha. Msilichanganye na ile vali ya baipasi iliyomo kwenye mfumo wa chujio la kawaida. Vali ile hufunguka chujio likiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, ikapitisha oili bila kuchujwa ili injini isikae kavu.

Chujio la kawaida lina mtihani mgumu: oili yote inayokwenda kulainisha injini lazima ipite humo, tena haraka. Kwa hiyo haliwezi kuwa na matundu madogo mno. Mengi hukamata vizuri uchafu wa mikroni ishirini au thelathini na kuendelea, lakini mdogo zaidi ya hapo hupita mwingi. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una kama mikroni 70. Sasa, ile ngozi ya oili inayotenganisha beringi na shafti injini ikivuta mzigo inaweza kuwa na unene wa mikroni chache tu. Chembe ya mikroni kumi inayopenya chujio bila shida ndiyo inayokwama pale katikati na kukwaruza. Chujio la pembeni hufanya kazi kwa haba na haba. Huchukua sehemu ndogo ya oili ya pampu, chini ya moja ya kumi, huipitisha kwenye kitundu chembamba cha milimita moja hivi, huichuja taratibu kwenye karatasi iliyoshindiliwa sana, kisha huirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kwa siku moja ya kazi oili yote huwa imepita humo mara nyingi.

Wala si jambo jipya. Volvo huweka chujio la namna hii kiwandani kwenye injini zake kubwa za malori, na Scania hutumia kisafishio kinachozunguka kwa kasi na kuutupa uchafu ukutani kwa nguvu ya mzunguko. Kama lori lako tayari lina kimojawapo, sioni haja ya kuongeza kitu.

Kabla ya kugusa spana niliandika barua kwa waliouza lori kuuliza habari za waranti. Jibu lilichukua wiki tatu na lilikuwa na mistari miwili: hawana neno, mradi nibadilishe oili kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, na uharibifu wowote utakaosababishwa na kifaa nilichoongeza ni juu yangu. Isome tena hiyo, maana muuza chujio hatakwambia. Faida kubwa ya kifedha ya chujio la pembeni ni kusogeza mbele siku ya kumwaga oili. Waranti ikiwa hai huruhusiwi kuisogeza. Kwa muda wote huo unalipia oili ileile, na chujio juu yake.

Nilifunga kwenye badiliko la kwanza la oili, kilomita elfu tano. Wapo wanaosema ufunge siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa injini mpya ndiyo hutoa unga mwingi wa chuma wakati ringi na silinda zinazoeana. Nakiri wana hoja. Mimi nilisubiri kwa sababu nilitaka sampuli ya oili ya kabla, ya kulinganishia.

Kazi yenyewe ilichukua saa nne, nyingi zikiishia kwenye kutafuta mahali pa kuning'iniza kopo ambapo mawe hayafiki na ekzosi haipachomi. Oili niliichukua kwenye tundu la sensa. Kamwe usiichukue kwenye bomba linalolisha turbo. Marejeo niliyapeleka kwenye plagi ya ubavuni mwa sampu, ingawa wengine hutoboa kifuniko cha kujazia oili. Tulipowasha, taa ya presha ilikawia kuzimika kiasi cha kunipandisha roho mdomoni, kumbe kopo lilikuwa tupu na hatukulijaza kwanza. Mfumo mzima umeongeza karibu lita tatu za oili, kwa hiyo pima kijiti baada ya kuwasha na kuzima, siyo kabla.

Mwezi wa pili nikaona matone chini ya lori. Mpira wa presha ulikuwa unajisugua kwenye kishikilio cha bomba la breki, na wavu wake wa nje ulishakatika. Hapo nikagundua kosa lililonitia baridi kuliko matone yenyewe. Kile kitundu chembamba kilikuwa upande wa kopo, mwisho wa mpira. Maana yake mpira mzima ulikuwa unabeba presha kamili ya injini bila kizuizi, na ungepasuka barabarani, sampu ingekauka kabla sijapata pa kuegesha. Tulikihamishia kwenye tii, mwanzo wa mpira. Sasa ukipasuka oili itatoka kwa uzi mwembamba, na taa ya presha itanipa muda. Maelekezo yaliyokuja na kifaa hayakusema lolote kuhusu hili, na kwa hilo tu nawakata alama.

Rangi ya oili, ambayo kila mtu huniuliza kwanza: ndiyo, ilikaa na rangi ya asali kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea, halafu ikawa nyeusi kama oili ya dizeli nyingine yoyote. Fundi alifurahi sana kunionyesha kijiti. Lakini masizi ya dizeli huwa madogo kuliko mikroni moja, na dawa zilizomo kwenye oili zimewekwa makusudi kuyashika yaelee bila kugandana. Oili nyeusi inaweza kuwa safi, wala jicho haliwezi kujua.

Kinachojua ni maabara. Sampuli ya kwanza, ya kabla ya chujio, ilikuwa na chuma kingi, shaba nyingi na silikoni nyingi, nami nikashtuka hadi nilipoelezwa kuwa injini mpya ndivyo zilivyo: silikoni hutoka kwenye gundi ya gasketi, na shaba mara nyingi hutoka kwenye kipozea oili. Sampuli ya pili, chujio likiwa limeshafungwa, namba zote zilishuka. Usinipigie makofi, zingeshuka tu. Kipimo kinacholihukumu chujio ni hesabu ya chembe kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 4406, inayotoa namba tatu kwa chembe za kuanzia mikroni 4, 6 na 14. Namba ikishuka kwa moja, chembe zimepungua kama nusu. Zangu zilishuka kwa tatu tatu, yaani chembe zimebaki kama moja ya nane. Uliza tu maabara wanahesabuje, maana mashine za kuhesabu kwa mwanga hudanganywa na masizi.

Kwa hiyo kifaa kinafanya kinachodai. Sampuli ya nne ndiyo iliyonifundisha mipaka yake. Chembe zilikuwa chache kuliko wakati wowote, lakini unene wa oili ulikuwa umeshuka vibaya na dizeli imeingia ndani. Chujio haliwezi kutoa dizeli iliyochanganyika na oili, wala maji ya rejeta, wala haliirudishii oili dawa zake zilizokwisha. Nozeli moja ya kupulizia dizeli ilikuwa inavuja. Ilibadilishwa kwa waranti, oili nikaimwaga ikiwa na nusu tu ya kilomita zake, safi na isiyofaa kitu. Bila ile sampuli ningeendelea kuendesha huku nikijisifu nina machujio mawili.

Je, beringi zangu zitadumu zaidi? Ningehitaji lori pacha lisilo na chujio, likibeba mzigo uleule kwenye njia ileile, ndipo nijibu. Ninachoweza kusema ni kwamba kama pesa ni ya kitu kimoja tu, ningefunga kibomba cha kuchukulia sampuli na kulipia maabara, chujio lifuate baadaye. Kwa lori linalokwenda kilomita chache kwa mwaka nisingelifunga kabisa.

Waranti inakwisha baada ya miezi sita. Hapo nitaanza kusogeza badiliko la oili, kilomita elfu tano kila awamu, kwa sampuli kila mara. Ule mpira wa presha nitaubadilisha kabla, ingawa unaonekana mzima.