Chombo cha kuogea ndege uani: kipi ununue Mombasa

Mimi nilianza na kile cha saruji chenye mguu, kile cha kupendeza kinachouzwa na wauza miche kando ya barabara, na nilijuta. Katikati kilikuwa na kina cha kiganja kizima. Kwa miezi miwili hakuna aliyekitumia ila kunguru, waliokuja kulowesha vipande vya chapati na vichwa vya samaki. Maji yakanuka, shorewanda wakatazama kutoka juu ya mkilifi wasishuke.

Sasa namba moja kwangu ni kibia, au ile sahani pana ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua. Ni rahisi kuipata na bei yake haiumizi. Ndege mdogo hataki kuogelea: huingia polepole, maji yakamfika tumboni, kisha hujirushia kwa mbawa. Sentimita 2 au 3 zamtosha, na kina kisizidi 5. Nenda dukani na kidole chako cha shahada. Kikizama hadi pingili ya pili, rudisha. Chagua udongo usiopakwa rangi wala kung'arishwa, kwa kuwa miguu haitelezi, na maji hubaki baridi kwa sababu ile ile inayopoza maji ya mtungi: udongo hutoa jasho. Kwa hiyo utaongeza maji mara kwa mara, hilo likubali.

Namba mbili ni beseni la plastiki pana na fupi. Hutelezesha, basi tandaza kokoto chini. Kokoto pia huzuia upepo wa kusi usilibebe. Jua letu litalipasua siku moja, lakini utanunua jingine bila kuumia.

Saruji naiweka ya tatu, na si kwa chuki. Mguu wake huwaepusha ndege na paka, na Mombasa paka hatuna uhaba. Omba maji uyamimine ndani kabla ya kulipa, upime kina. Kikiwa kipya, kijaze na ukimwage mara kadhaa ili chokaa itoke.

Sinia la chuma au alumini liache jikoni. Saa sita mchana maji yake ni ya kupikia chai. Pampu ya kurusha maji ndege wanaipenda kweli, ila kama wategemea maji ya kisima, chumvi itaiziba.

Chombo chochote kiweke kivulini, mita 2 au 3 kutoka kichakani: ndege aliyelowa huruka kwa shida, na paka hujificha humo. Maji badilisha kila baada ya siku mbili. Mbu humaliza safari ya yai hadi kuruka kwa wiki moja hivi joto likiwepo, na homa ya dengi mji huu waijua. Yale ya zamani mwagia miche, hasa kama mfereji umekauka na unanunua kwa mtungi. Uteute wa kijani usugue kwa kumbi la nazi, bila sabuni, kwani sabuni huondoa mafuta ya manyoya.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, usimnunulie kitu. Yeye huoga kwa kujisugua kwenye majani yaliyolowa, kwa hiyo nyunyizia myasmini asubuhi kabla jua halijakaza.