Tahadhari Mnazi Mmoja: sensa "mpya" ya gari niliyouziwa ilikuwa ya kwangu mwenyewe

Wenye magari mnaopita njia panda ya Mnazi Mmoja, mkitokea Masasi au Mtwara kwenda Lindi na Dar, someni hii kabla hamjamfungulia mtu boneti. Jumamosi iliyopita nimepigwa laki moja na thelathini pale kwa sensa ya eaflo, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, mchana kweupe, na mimi si mgeni wa njia ile.

Gari ni Toyota IST. Nilitoka Newala alfajiri nampeleka shangazi msibani Lindi, na vumbi la huko juu mnalijua. Kukaribia Mnazi Mmoja gari likaanza kusitasita: ukikanyaga mafuta halivuti, ukisimama linatetemeka kama lina homa. Nikaegesha kivulini, karibu na akina mama wauza korosho. Sijazima hata redio, kijana keshafika dirishani.

"Shikamoo mzee. Gari inakosa hewa hiyo, nimeisikia tangu unakuja. Kupima bure."

Marahaba yangu ikanigharimu. Akafungua boneti, akapitisha mkono upande wa ea klina, lile chujio la hewa, "kuangalia waya", akaniambia niwashe swichi, kisha akachomeka mashine yake ya kusoma hitilafu chini ya usukani. Macho yangu yote yakawa kwenye kile kioo, na ndiko alikotaka yawe. Ikatoka kodi ya hitilafu, P0102. "Umeona mzee? Sensa ya eaflo imekufa. Ukienda nayo hivi utalala njiani." Shangazi aliposikia kulala njiani akaanza kuhema.

Nimekuja kuelewa baadaye. P0102 maana yake kompyuta ya gari inapata alama ndogo mno kutoka kwenye sensa ile, au haipati kabisa. Soketi ya sensa ikichomolewa huku swichi imewashwa, kodi hiyo hiyo ndiyo inayojiandika. Kwa hiyo mashine haikudanganya. Mwongo ni ule mkono uliopita upande wa ea klina, ulichomoa soketi kimyakimya. Sensa iliyochafuka tu mara nyingi huleta P0101, au P0171 kwamba hewa imezidi petroli, na wakati mwingine hata taa haiwaki.

Akafungua skrubu mbili, akaondoka na sensa yangu "kwenda kulinganisha namba dukani kwa bosi". Dakika ishirini hivi. Akarudi na boksi, ndani mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko sensa inang'aa. Nikaulizia ya zamani, akasema bosi huwa anazirudisha zilikotoka. Bei laki na themanini, tukavutana hadi laki na thelathini. Kutumiwa kwa simu hakutaka, eti mtandao unasumbua. Akafunga, akafuta kodi, gari likatulia tuli. Nilimshukuru, na shangazi akamwombea dua!

Jumapili jioni nikafungua boneti nyumbani ili niandike namba ya sensa kwenye daftari langu la gari. Namba ya kwenye sensa na ya kwenye boksi hazifanani. Nikaitoa, nikaigeuza juani. Sasa, mimi tangu nibadilishiwe betri kwenye gereji moja, kila kinachofunguka kwenye gari langu nakitia tone la rangi nyekundu ya kucha ya binti yangu. Wananicheka sana nyumbani. Pembeni mwa tundu la skrubu, kwenye kile kimfereji ambacho kitambaa hakifiki, kulikuwa na wekundu wa ukubwa wa punje ya mtama. Kwingine kote ilikuwa imeyeyushwa na dawa aliyooshea. Nimelipia sensa yangu.

Na gari lilipona kweli, maana ilikuwa chafu na akaisafisha. Ndani ya sensa ile kuna waya mwembamba sana, unapashwa moto kwa umeme. Hewa inayokwenda kwenye injini inaupoza, na kompyuta inapima umeme unaohitajika kuuweka katika joto lake, hapo inajua hewa ni kiasi gani na petroli itoke kiasi gani. Vumbi likiuvaa waya, hewa inasomeka kidogo kuliko ilivyo, petroli inatoka pungufu, gari linakosa nguvu.

Kazi ya kuisafisha unaifanya mwenyewe chini ya mwembe. Zima gari, injini ipoe, chomoa soketi taratibu kwa kubana kishikizo chake, fungua skrubu, itoe bila kuigonga. Tumia spreya iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hii, ile inayokauka bila kuacha mafuta. Mimi nilinunua kopo kwa elfu ishirini na tano, na bado lina dawa. Piga mara kumi au zaidi, fupi fupi, kwenye waya na kwenye kishanga kidogo kilicho pembeni yake. Usiguse kwa kidole, pamba wala mswaki, na upepo wa kompresa usiukaribie kabisa. Waya ukikatika ndipo utanunua sensa kweli. Dawa ya breki au ya kabureta usitumie, inaweza kuacha utando au kula plastiki. Iache ikauke kabisa, mimi niliiacha nusu saa nikinywa chai, ndipo uirudishe na kijipete chake cha mpira kikae sawa.

Angalia na ea klina, maana ikiwa imechanika utarudia kazi wiki ijayo. Na kama hozi ya hewa kati ya sensa na injini ina ufa, gari litasumbua vile vile hata uoshe sensa mara saba.

Kuna makopo pia yanayotembezwa yakiwa na lebo ya karatasi iliyobandikwa juu ya lebo nyingine. Pulizia kwanza kwenye kioo cha gari. La kwangu la mwanzo liliacha doa la mafuta, nikalitupa.

Jumanne nilirudi Mnazi Mmoja. Duka la bosi halipo, waliokuwepo ni wale mama wa korosho, na mmoja akaniambia mimi ni wa tatu kumuulizia kijana yule wiki hii. Anabeba begi jeusi la mgongoni, na waya wa mashine yake umezungushiwa utepe wa njano. Polisi nimeshatoa taarifa. Aliyeuziwa kama mimi asilitupe boksi, alinganishe namba na ya kwenye sensa yake kisha alipeleke kituoni, maana la kwangu peke yake wameniambia halitoshi.