Fremu ya begi na kishikio cha mfuko wa maji, nimejitengenezea mwenyewe: uzoefu wangu huku Pemba

Begi lenyewe ni la mitumba, kama lita 45 hivi, kitambaa kizuri na zipu zote nzima, ila mgongoni halina kitu, nguo tupu na kisponji kilichokwisha lala, ukilitia mzigo linajikunja kama gunia la nazi na vitu vyote vinateremka kukaa juu ya makalio. Na mie kazi yangu kutembeza wageni, msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi, mpaka kule Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, na mgeni anakuja na kichupa cha nusu lita anafikiri kinamtosha kwenye jua la huku, kwa hiyo maji ya akiba nabeba mie, dawa za huduma ya kwanza nabeba mie, chakula cha mchana nabeba mie. Mzigo ukifika kilo 10 au 12 na njia ni mchanga, jioni mabega yanawaka moto.

Mabegi yenye fremu, yaani pau ngumu za kuusimamisha mgongo wa begi, yapo lakini jipya kwa mfuko wangu halishikiki, na ya mitumba mengi ukilipata fremu yake ishachomolewa zamani. Basi nikasema natengeneza. Nalitumia tangu masika yaliyopita na sasa naweza kuongea.

Na la kusema mwanzo kabisa ni hili, fremu bila ya mkanda wa kiunoni ulio imara ni kujiongezea uzito bure. Watu wanadhani fremu inapunguza mzigo, haipunguzi hata gramu, kazi yake ni kuuchukua uzito kutoka juu na kuuteremsha kwenye nyonga, sasa kama chini hakuna mkanda wa kuupokea unarudi palepale mabegani, tena na vyuma juu yake.

Mgongo unapimwa kwanza. Inamisha kichwa, nyuma ya shingo kuna kifupa kinatokeza, hapo ndo mwanzo, kisha shika kiuno mikono miwili juu ya mifupa ya nyonga, dole gumba zielekee nyuma, pale zinapolengana kwenye uti wa mgongo ndo mwisho. Mie nina sentimita 47. Usichukue kipimo cha mwenzio hata kama mnalingana kimo, kuna mtu mrefu urefu wake wote uko miguuni.

Kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu hakukosekani mabaki, nilitaka pau bapa mbili, upana sentimita 2 na nusu, unene milimita 3, urefu sentimita 55 ili zipande kidogo juu ya mabega, akanipa kwa 5,000. Kuzikunja nimekunja kwa mkono kwenye kigogo cha mnazi, taratibu, na mdogo wangu ananiekea mgongoni ananiambia wapi pana uwazi wapi panachoma. Kiunoni ziingie ndani kidogo, juu zifuate mgongo kisha zirudi nyuma kidogo zisikupige kisogo ukitazama juu, maana mgeni akiuliza popo yuko wapi lazima utazame juu. Aluminiamu ina tabia ya kurudi, kwa hiyo unaikunja kuzidisha, lakini usikunje ukakunjua ukakunja tena pahala pamoja, inakuwa ngumu halafu inakatika kavu. Na tundu za bolti usitoboe pale ulipokunja. Ncha zote zipigwe tupa mpaka ziwe duara halafu zivishwe mpira wa tyubu ya baiskeli, kama hutaki kuzikuta zimetoboa begi zikatokea upande wa pili.

Katikati ya pau kuna bamba la plastiki, sentimita 28 kwa 50, nimelikata kwenye pipa la bluu lililopasuka. Mabegi mengi ya dukani bamba la ndani ni plastiki ya aina hiyohiyo, HDPE, tazama chini ya pipa kama kuna pembetatu yenye namba 2. Ila uliza kwanza lilikuwa na nini, la dawa za shamba achana nalo. Kipande kinatoka kimebinuka kwa sababu pipa ni duara, nikakimwagia maji yanayochemka nikakilaza chini ya ubao na matofali usiku kucha, hakikunyooka chote lakini pau zimemalizia. Gundi usijisumbue, plastiki hii haishiki gundi za kawaida, nimekaza kwa bolti ndogo za stenlesi na washa pana, na kila bolti nimeitenga na pau kwa kipande cha tyubu kwani stenlesi na aluminiamu zikigusana penye chumvi aluminiamu inaliwa, na huku kwetu chumvi hata sebuleni ipo.

Kushona ndo kulikonisumbua. Nimempelekea fundi cherehani mmoja mtu mzima, akaligeuza begi akalitazama, "Mwanangu, hili begi au kitanda?" nikamwambia nishonee tu mzee wangu utaona. Vifuko vyembamba vya kupitishia pau kavishona vizuri mashaallah, lakini kwenye mkanda wa kiunoni cherehani ikagoma, tabaka nne za ukanda wa nailoni si mchezo, hapo nimeshika shazia mwenyewe na uzi wa kushonea nyavu. Uzi wa wavuvi jamani hauna mpinzani, bei rahisi na hauozi. Ndani ya mkanda nimetia sponji gumu la champali kuukuu, si sponji la godoro, la godoro ukilibana linakufa. Na ncha za chini za pau zinakaa kwenye vifuko vilivyoshonwa juu ya mkanda wenyewe, kiungo hicho ndo kila kitu, fundi akikwambia atakushonea mkanda pembeni kwenye kitambaa cha begi mkatalie.

Matokeo? Kilo 10 sasa ziko kwenye nyonga, mabega yanalishika tu begi lisivutike nyuma, ukikaza mkanda wa kiunoni vizuri unapitisha vidole chini ya mikanda ya mabegani bila tabu. Kwa anayebeba daftari na chaja tu hii haimfai, chini ya kilo 6 hivi sioni faida.

Halafu si jambo geni hili. Kuna Mmarekani, Dick Kelty, mwaka 1952 alianza nyumbani kwake California kutengeneza mabegi ya fremu ya aluminiamu na mke wake Nena ndo mshonaji, wakaja kuwa kampuni kubwa.

Sasa maji, na hapa ndo nimefurahi zaidi kuliko fremu yenyewe. Lita moja ni kilo moja, lita 2 ni kilo 2 zinazocheza, na ule mfuko wa maji wenye mrija ukiutupa tu ndani ya begi unateremka chini, unajikunja, mrija unabanwa, unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani na maji hayaji. Lazima uning'inie. Na ukae karibu na mgongo, juu juu, sio nyuma ya vitu vyote, kwa sababu uzito ulio mbali na mgongo unakuvuta nyuma.

Kishikio nimekitengeneza hivi. Juu ya lile bamba la plastiki nimekata nafasi mbili nyembamba, nikapitisha kitanzi cha ukanda, kwenye kitanzi nikafunga kijiti cha mkarafuu urefu wa kidole kikae kama kifungo, tundu la juu la mfuko wa maji linaingia hapo basi. Lakini tundu peke yake usiliamini na kilo 2, begi likiruka ruka litachanika, kwa hiyo nimeshona na mfuko wa kitambaa cha jezi kuukuu, kile chenye vitundu, sentimita 40 kwa 20, unaushika mfuko wa maji kwa chini na kwa pembeni. Kitambaa cha vitundu kwa sababu maji yakivuja nataka nione mapema, na jasho la mfuko likauke. Mrija unatoka juu kwenye tundu lililopigwa uzi pembeni, unateremka na mkanda wa bega la kulia, umeshikwa na lastiki pahala pawili.

Ukishajaza, pindua mfuko chini juu uvute hewa yote kwa mrija, maji yanaacha kupiga chwa chwa mgongoni. Na ukimaliza kunywa puliza kidogo maji yarudi ndani, yakibaki kwenye mrija juani fundo la mwanzo ni chai. Ndani ni maji matupu, sio juisi, sio maji ya ukwaju, sukari ikiingia kwenye mrija koga hulitoi. Nauosha kwa magadi na ndimu nauanika wazi, kijiti ndani ili usigandane.

Ati wazo la maji ya mgongoni lilianzia Texas mwaka 1989, Michael Eidson kwenye mbio za baiskeli alijaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi, akauweka mgongoni, ndo ikazaliwa CamelBak. Soksi! Kwa hiyo jezi yangu asiicheke mtu.

Mabaya yake yapo. Mgongo unatoka jasho vibaya, bamba la plastiki halipumui, nimelitoboa matundu lakini sponji limeyaziba kwa hiyo sijaona tofauti. Fremu na bamba vimeongeza kama gramu 600. Ndani ya dala begi halikunjiki tena, unalipakata kama mtoto wa watu au linakwenda juu ya keria. Na kuna mlio, kwi kwi, bolti na plastiki, nimepaka mshumaa umepungua haujaisha.

Gharama ukitoa mfuko wenyewe wa maji haikuzidi 20,000, kubwa ni fundi. Mfuko wa maji ndo usinunue ovyo, wangu wa bei rahisi ulikuja na valvu ya kuuma, ile ya mdomoni unaiuma ndo maji yatoke, inayodondosha matone shati zima, nimekata nikaweka kibomba kidogo cha plastiki cha kufungua na kufunga kwa mkono, kile cha mirija ya matangi ya samaki, na tangu hapo kifua kikavu.