Ulimi wa klarineti: uliopigwa tupa au usiopigwa?

Ziweke mezani ndimi mbili, yaani vile vipande vya tete vinavyotikisika kwenye kinywa cha klarineti na kutoa sauti, uangalie pale gome linapoishia. Usiopigwa tupa, gome lake huishia kwa mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Uliopigwa tupa umeondolewa ukanda mwembamba wa gome zaidi, ukabaki mstari ulionyooka kama wa rula. Tete ni lile lile. Mfano ulio rahisi kuupata ni ndimi za chapa ya Rico: ya boksi la rangi ya chungwa haijapigwa tupa, Royal imepigwa.

Mdomoni ndipo mambo yanapobadilika. Uliopigwa tupa hutikisika upesi. Pumzi ndogo tu, sauti ishatoka, hata ukipiga noti za chini kwa sauti ndogo. Mimi huupenda huo, maana kinywa cha klarineti yangu kina sauti nzito, na nikirudi mazoezini Mji wa Kale usiku sina tena mapafu ya kubembeleza chombo.

Usiopigwa hukaza kidogo. Wausukuma, nao wakulipa kwa sauti iliyoshiba. Mwenye kinywa chenye sauti kali utamfaa, na wapiga jazi wengi huupendelea.

Ila masika yakianza, usitarajie tupa ikuokoe. Unyevu wa Mombasa huzikunja ndimi zote nchani, zikawa kama mawimbi. Mimi huulowesha wangu, nikaulaza bapa juu ya kipande cha kioo, nikaubana kwa kidole gumba mpaka unyooke.