FreeCAD na gia ya womu ya turubai: uzoefu wangu kutoka Lamu

Kwa fundi aliye kisiwani anayetaka kuchora gia ndogo ya womu (skrubu inayozungusha gurudumu lenye meno) bila kulipia programu, FreeCAD inafaa. Nasema hivi baada ya kuitumia tangu mchoro wa kwanza hadi gia yenyewe kufungwa juu ya dari ya nyumba moja ya wageni pale Shela, inakokunja na kukunjua turubai la kivuli. Inafaa kwa sharti moja tu: hesabu ya gia uje nayo wewe mwenyewe. Programu itachora lolote utakaloiambia, hata meno ambayo hayawezi kuingiana.

Gia ya zamani ilikuja na turubai kutoka ng'ambo. Kasha lake la alumini lililiwa na chumvi, meno yakalika, na kusi ikivuma turubai lilikuwa linajifungua lenyewe. Spea hakuna. Na hapo ndipo gia ya womu inapothaminiwa, kwa sababu skrubu yake inazungusha gurudumu lenye meno, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu, mradi mwinuko wa hesi, yaani uzi unaoizunguka skrubu, uwe mdogo. Unaachia hendeli, turubai linabaki palepale. Mtu yeyote aliyeona turubai la mita kadhaa likipigwa na upepo wa bahari juu ya dari isiyo na ukuta mrefu anajua kwamba hilo si jambo la kubahatisha.

FreeCAD ni ya bure kabisa, imekuwapo tangu 2002, na faili zako zinakaa kwenye kompyuta yako. Umeme ukikatika na intaneti ikapotea, laptopu yenye chaji inaendelea na kazi. Programu za kulipia nilizowahi kujaribu zilitaka kuingia mtandaoni kila mara, na huku kwetu hilo ni kikwazo kikubwa. Chukua toleo la 1.0 au la baadaye. Hilo lilitoka Novemba 2024 na lilipunguza sana ule usumbufu wa matoleo ya nyuma, ambapo ukirekebisha mchoro wa mwanzo, matundu na kona ulizoziweka baadaye zilihama au kuvunjika. Nyongeza inayochora gia haiji na programu, unaipakua mara moja kupitia sehemu ya nyongeza, ukiwa na mtandao, kisha imekwisha.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni jedwali lililo ndani ya programu. Niliandika humo moduli (kipimo cha ukubwa wa meno), kipenyo cha skrubu na idadi ya meno, kila kisanduku nikakipa jina, kisha vipimo vyote vya mchoro nikavifunga kwenye majina hayo. Nilianza na moduli 2, hesi moja, gurudumu la meno 30. Maana yake, mizunguko 30 ya hendeli kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Skrubu yenye kipenyo cha milimita 20 ilinipa mwinuko wa digrii 5.7, na hapo gia iliyopakwa grisi na kutikiswa na upepo inaweza kuteleza. Nikabadilisha kipenyo kuwa 30, mwinuko ukashuka hadi 3.8. Kanuni ni rahisi: zidisha moduli kwa idadi ya hesi, gawanya kwa kipenyo cha skrubu, na hiyo ndiyo tanjenti ya pembe. Ujue pia kwamba gia inayojifunga hivi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kwenye msuguano. Kwa hendeli ya mkono haina neno.

Skrubu nilitaka iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo mchoro nilimpelekea mkerezaji Malindi. Akanipigia simu: "Bwana, hii pichi ya sita nukta mbili nane tatu kwenye mashine yangu haipo. Nipe sita kamili nikukatie." Alikuwa na haki yake. Pichi ya womu, yaani umbali kutoka hesi hadi inayofuata kwenye skrubu, ni moduli mara pai, na mashine yake ya kukereza ina pichi za namba nzima na nusu. Gurudumu lilikuwa la kuchapishwa kwa printa ya 3D, na printa haijali moduli ni ngapi. Basi kwenye kisanduku cha moduli nikaandika milimita 6 gawanya kwa pai, yaani takriban 1.91. Nikabonyeza, na mchoro mzima ukajipanga upya mbele yangu: gurudumu likatoka kipenyo cha 60 hadi 57.3, nafasi kati ya mihimili miwili ikatoka 45 hadi 43.65, matundu ya beringi kwenye bamba za kasha yakasogea yenyewe, mwinuko ukawa 3.6. Kwa karatasi na kalkuleta ningeanza upya. Mkerezaji alihitaji mambo mengine mawili tu, kisu kilichonolewa pembe ya digrii 40 na kina cha meno cha milimita 4.3. Vyote nilimwandikia kwenye karatasi iliyotoka kwenye sehemu ya michoro ya karakana ya programu hiyohiyo. Mzigo ukaja kwa basi hadi Mokowe, na kutoka hapo kwa boti.

Upande wa gurudumu una mambo ya kuangalia. Meno yake lazima yalale kwa pembe ileile ya mwinuko wa skrubu na kuelekea upande uleule, kama skrubu ni ya kulia basi na gurudumu ni la kulia. Pia kuna swichi ya kuamua kama moduli inapimwa kwa kufuata kisu cha kukatia au kwa upande wa gurudumu. Iache imezimwa. Kwa pembe ndogo kama yangu tofauti ni kama sehemu ya kumi ya milimita, ila kwa skrubu yenye hesi nyingi itakuharibia kazi. Kisha ukiviweka vitu viwili pamoja, meno hayaingiani yenyewe. Inabidi uzungushe gurudumu kidogo kidogo, ukikumbuka kwamba jino moja ni digrii 12. Ili kuhakikisha, nilitumia amri inayotoa sehemu ambayo vitu viwili vinagongana. Ikibaki hata kipande chembamba, bado meno yanakulana. Amri hiyo ni nzito kwenye laptopu ya zamani, unaweza kunywa chai ukisubiri. Niliongeza pia sehemu ya kumi ya milimita kati ya mihimili ili gia isikaze.

Nyongeza haichongi gurudumu lenye bonde la kuikumbatia skrubu, kama magurudumu ya shaba ya viwandani. Linatoka bapa, na linagusana na skrubu mahali padogo tu. Kwa turubai la kuzungushwa kwa mkono sijaona shida, ila nililifanya gurudumu kuwa nene na kulichapisha likiwa limejaa ndani. Plastiki ni PETG. Usitumie PLA, plastiki nyingine ya printa, juu ya dari ya Lamu, kwani huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na kasha jeusi kwenye jua la Februari halitakusamehe.

Kama kazi yako ni ya mota inayozunguka mfululizo, njia hii si yako. Ule msuguano unaozuia turubai lisirudi nyuma utageuka joto, na plastiki itakwisha. Hapo chora kwa FreeCAD vilevile, lakini gurudumu likatwe la shaba na kasha lijazwe oili.