Airport mpaka boti za Zanzibar kwa daladala, nilivyojikuta Feri

Mi ni wa Mwanza, Dar huwa napita tu. Juzi nimeshuka airport saa nane mchana, tiketi ya boti ya saa kumi ninayo kwenye simu, dereva teksi wa kwanza kanitajia elfu arobaini nikamwambia asante kaka, mpaka mjini ni kilomita kama 12 tu, acha niende na daladala kama wenzangu.

Kwanza unaburuza begi mwenyewe mpaka barabara ya Nyerere na jua la Dar mnalijua. Ila kituoni magari hayakatiki, yanatoka Gongo la Mboto, mengine ya Kariakoo mengine Posta, sasa we sikiliza vizuri konda anaita wapi maana ukiingia la Kariakoo imekula kwako, itabidi uunganishe. Nikapata la Posta, limeshajaa. Konda akaliangalia sanduku langu, "braza, hilo nalo abiria, lilipie", nikacheka nikajua utani, kumbe mwenzangu kakunjua mkono anasubiri hela. Likawekwa pale kwenye injini pembeni ya dereva, mi nimebanwa mlangoni nalichungulia kupitia kwapa za watu. Hata hivyo nauli yangu na ya sanduku haikufika buku mbili.

Tazara tulipita juu ya flyover ya Mfugale (ile ya 2018) fasta tu, foleni nikaikuta mbele huku karibu na Gerezani, tumekaa weee. Treni ya SGR nayo tunajisifia toka 2024 inaanzia hapo hapo mjini inaenda Pugu mpaka Dodoma, lakini airport haina stesheni, sijui waliwaza nini.

Haya, kosa langu sasa. Kushuka Posta nikamuuliza mama mmoja anauza karanga, shikamoo mama, feri iko wapi? "Marahaba mwanangu, fuata bahari hiyo, nyoosha tu." Nikanyoosha, sanduku linapiga kelele kwenye lami, nafika naona pantoni la Kigamboni linashusha watu na bajaji na wenye baiskeli, harufu ya samaki wa kukaanga kutoka sokoni, boti hata moja sioni. Kumbe kwa watu wa Dar Feri ndo hapo Magogoni, kwenye kivuko! Boti za Zanzibar ziko kule kule nilikotoka, barabara ya Sokoine, mkabala na kanisa la Mtakatifu Joseph, lile la mnara mrefu. Mama wa watu hakunidanganya, mi ndo niliuliza vibaya. We uliza "boti za Zanzibar", neno feri usilitaje kabisa.

Saa tisa na dakika ishirini nikadaka boda, sanduku mapajani, buku mbili. Sijamaliza hata kumlipa wa boda, jamaa mwingine keshalibeba sanduku mbio mpaka getini, hatua ishirini hazifiki, anataka elfu tano. Tukabishana nikampa buku. Kitambulisho kiwe mkononi lakini, mi nilikichimbia chini ya nguo na foleni nzima nyuma yangu inaguna.

Nimewahi, kwa jasho. Kwa bei naipa tano kwa tano, ila kwa mwenye sanduku naipa mbili kwa tano.

Kurudi Jumapili nilikuwa na kibegi cha mgongoni tu, sanduku nimemwachia shangazi Unguja. Konda wala hakunisemesha.